Siku Isonagi Aliposhinda

Siku tuliyokwenda Fukuoka, baba alivaa suti yake nyeusi ya misiba kwa sababu hakuwa na nyingine. Aliivua tai, akaitia mfukoni, akafunga kifungo cha juu cha shati, kisha akaniuliza kama bado anaonekana kama mtu anayekwenda kuzika. Nikamwambia hapana. Tulipofika stesheni, mke wa mwenye duka la mbolea akatuinamia mpaka chini na kutupa pole. Baba akaipokea ile pole, akamshukuru.

"Ningemwambia nini?" alinong'ona tulipokwisha kukaa kwenye treni. "Kwamba nakwenda kutazama sumo? Mwezi wa kupanda?"

Sisi watu wa Yatsushiro tunalima matete ya kusukia mikeka ya sakafuni. Matete hupandwa Novemba, tope likiwa baridi kiasi cha kufanya vidole visijue vimeshika nini, na huvunwa katikati ya joto. Mashindano ya mieleka ya sumo nayo huja kisiwani kwetu Kyushu mara moja tu kwa mwaka, na mara hiyo ni Novemba. Kwa hiyo watu walipomuuliza baba kwa nini hajawahi kwenda kumtazama mwanawe akipigana, ilhali treni haimalizi hata saa moja, alikuwa na jibu lililonyooka. Aliwaonyesha shamba. Hakuna mkulima aliyemwuliza mara ya pili.

Lakini mimi nililijua jibu la pili, kwa kuwa nilikuwepo siku lilipozaliwa.

Mdogo wangu Nobuaki aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na mitano, amebeba mfuko mmoja na mto wa kulalia. Mwalimu wa kambi ya sumo alikuja kumchukua kutoka Tokyo. Pale stesheni mama alilia, mimi nikalia, na baba, ambaye hakujua aiweke wapi mikono yake, akampiga Nobuaki begani na kusema, "Siku utakayotupa chumvi, nitakuja kukutazama. Nitakaa mbele kabisa."

Wanaotupa chumvi ulingoni, kuutakasa kabla ya pambano, ni wale wa madaraja ya juu tu. Hao ndio wenye mshahara, mkanda wa hariri na watu wa kuwafulia. Walio chini yao hupanda ulingoni asubuhi, kwenye ukumbi mtupu, na mkanda mweusi wa pamba. Wakimaliza hurudi kambini kupika na kuwasugua wakubwa migongo. Nobuaki alipanda ngazi hiyo polepole. Kuna mwaka alikaribia, tukaanza kuitaja chumvi kwa sauti ndogo nyumbani, kisha kano ya goti ikakatika, akarudi chini karibu na alipoanzia. Akapanda tena. Akafika katikati, akakaa hapo hapo.

Maneno ya baba yalikuwa ya kumtia mtoto moyo. Miaka ilivyokwenda yakageuka. Kwenda kumtazama kabla ya chumvi kungekuwa sawa na kumwambia, mwanangu, nimeacha kungoja. Hivyo baba akaendelea kungoja. Kila Novemba mama alipanda treni peke yake na mfuko wa machenza, na kila jioni alirudi akakuta baba ameinama shambani, kana kwamba tope ndilo lililomwomba asiondoke.

Mama alifariki majira ya baridi. Novemba iliyofuata hakuna aliyekwenda. Na Novemba iliyofuata hiyo, Nobuaki akapiga simu kusema kwamba mashindano haya ndiyo ya mwisho wake. Goti limekataa. Baba aliishika simu kwa mikono miwili na kusema, "Haya. Haya. Sawa," halafu akanipa mimi.

Watu wa daraja la Nobuaki hupigana mara saba tu katika siku kumi na tano, na hawajui siku yao mpaka jioni inayotangulia. Kila alipopangwa alitupigia. Kila alipopiga nilimtazama baba, na baba akasema tungoje ya mwisho. "Mtu hukumbuka ya mwisho," alisema. Mapambano sita yakapita hivyo, matatu ameshinda na matatu ameshindwa, na sisi tumeinama kwenye matete. Angeweza kuchagua lolote kati ya hayo sita.

Baba amefariki mwaka huu wakati wa mavuno. Siku zake arobaini na tisa za maombolezo zimekwisha, nimeshalifunga sanduku la nguo zake. Naandika habari ya siku ile kwa sababu Nobuaki haizungumzii, na mimi nikinyamaza pia, itabaki tu pale kwenye orodha ya matokeo, ambapo imeandikwa kwamba alishinda.

*

"Wanaitaje?" baba aliniuliza kwenye treni.

"Wanaita nini?"

"Jina. Pale ukumbini. Wanaliita lote?"

"Lote. Isonagi. Unavuta mwisho."

Hilo ndilo jina alilopewa na mwalimu wake. Nyumbani hatukuwahi kulitumia. Kwetu alikuwa Nobu. Baba akageukia dirisha, akasema kwa sauti ya chini, "Isonagi." Akajaribu tena kwa kuvuta mwisho. Bwana aliyekuwa amesinzia mbele yetu akafumbua jicho moja, akaitazama suti nyeusi, akalifumba kwa adabu.

"Nikiita, atasikia?"

"Asubuhi hakuna watu, baba. Atasikia hata ukikohoa."

Akaligeukia tena dirisha. "Basi nitaita mara moja tu. Anapoinama tayari kuanza. Hapo ndipo nitakapoita."

Tulifika ukumbini kukiwa na watu wachache sana. Kwenye televisheni, ambako baba alitazama sumo kila jioni ya maisha yake, ukumbi siku zote umejaa hadi juu. Yeye mwenyewe alijua kuwa asubuhi hakuna watu, lakini kujua na kuona ni mambo mawili. Viti vilipanda safu juu ya safu, vyekundu, vitupu. Katikati, chini ya taa, vijana wawili waligongana, na mlio wa mwili juu ya mwili ukatufikia mara mbili, mara ya pili kutoka ukutani. Baba alisimama mlangoni akiwa ameshika tiketi. Alisimama muda mrefu, mpaka mfanyakazi wa ukumbi akamwuliza kama amepotea.

Tiketi zetu zilikuwa za viti vya juu. Tulikuwa hata hatujakaa vizuri, sauti ikatufikia kutoka chini.

"Nyie wa juu kule! Mnaangua mayai? Shukeni!"

Alikuwa mwanamke wa miaka sabini hivi, mfupi, mwenye koti la zambarau, amekaa peke yake katika kizimba cha watu wanne, kwenye mto, karibu kabisa na ulingo.

"Tiketi zetu ni za huku," nilimwambia.

"Na yangu ya wapi? Wenye vizimba hawaji mpaka wameshiba chakula cha mchana. Wakija tutawapisha, tutawaombea radhi, tutaondoka. Njooni, msinipigishe kelele, watu wanapigana hapa."

Tukashuka. Jina lake lilikuwa Umeno, muuza samaki wa soko la Hakata aliyekwisha kumwachia mwanawe duka. Alikuwa akija kila asubuhi ya mashindano, siku zote kumi na tano, na alikuwa akiondoka wakubwa wanapoanza. "Wale wana watu wa kuwapigia makofi," alisema. "Nyie mnamfuata nani?"

"Isonagi," baba akasema. Lilikuwa jina zito mdomoni mwake, alilitoa kama mtu anayetaja anwani ngeni.

"Isonagi! Wa Yatsushiro!" Umeno akautazama mfuko nilioushika. Akaufungua bila kuniomba ruhusa, akachungulia. "Machenza haya nayajua." Kisha akamtazama baba kuanzia nywele mpaka soksi. "Kumbe ni wewe. Mumewe Sadayo. Mwenye magoti."

Baba akanigeukia. Hata mimi nilikuwa sijawahi kulisikia jambo hilo.

"Magoti," baba akasema.

"Ndiyo, magoti. Sadayo alituambia. Hayakunji. Alisema ukikaa sakafuni kidogo tu inabidi ubebwe kama meza. Alisema unalia kila Novemba kwa kutaka kuja, ila hapa hapana pa kunyoosha mguu. Nikamwambia, mlete tu, tutamnyoosha wenyewe."

Ulingoni mwamuzi alikuwa akitaja mshindi. Baba alimsubiri amalize. Halafu, polepole sana, akautoa mguu wake wa kushoto chini yake, akaunyoosha mbele juu ya mkeka, akaweka kiganja juu ya goti ambalo halijawahi kumuuma hata siku moja.

"Hasa hili la kushoto," alisema.

"Pole. Chukua mto wangu, utie chini yake. Chukua, mimi nina nyama ya kutosha." Akautelezesha. "Na Sadayo mwenyewe yuko wapi? Mwaka jana hakuja. Nikasema labda magoti yameambukizana."

"Amefariki," baba akasema. "Mwaka juzi, wakati wa baridi."

Umeno alitazama ulingo. Watu wawili walipanda, wakagongana, mmoja akatoka. Ndipo akasema, "Alikuwa akinimenyea. Nilimwambia mikono yangu inanuka samaki, siwezi kushika chenza nikala kwa raha. Basi akawa ananimenyea." Akalichukua chenza moja kwenye mfuko, akalishika tu.

Baba akanyoosha mkono, akalichukua, akaanza kulimenya. Hakuwa na ustadi, maganda yakatoka vipande vidogo vidogo. Alipomaliza akampa, na Umeno akala bila kusema asante, akiwa ameyaelekeza macho kwa wapiganaji.

*

Kulikuwa na mapambano mengi kabla ya lile letu, na wakati huo wote baba alimwuliza Umeno maswali. Aliyauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kuonekana anakitaka.

"Huyo Isonagi. Anapiganaje?"

"Hujui mwanao anavyopigana?"

"Televisheni haiwaonyeshi wa asubuhi."

"Basi nitakuambia. Haruki pembeni. Wengine wakizeeka, wakiwa na goti kama lake, wanajifunza kuruka. Mwenzio anakuja kwa nguvu, wewe unasogea kidogo, anaanguka mwenyewe. Ushindi ni ushindi, simlaumu mtu. Wako hataki. Anaingia mbele tu, kifua, kifua, kifua. Nikamwambia mamaye, huyu mtoto kichwa chake kigumu ametoa kwa nani? Akacheka mpaka akajifunika uso."

Baba hakucheka, lakini masikio yake yakawa mekundu.

"Kuna mwaka," Umeno akaendelea, "alimsukuma mtu kwa nguvu mpaka wote wawili wakaruka kutoka ulingoni. Yule mwingine akaangukia njia ya kupitia. Isonagi akatuangukia sisi. Mapajani mwa Sadayo! Mlima mzima! Nikasema huyu mama amekufa. Yeye akatoa kitambaa, akaanza kumfuta mchanga mgongoni. Hapo mbele ya watu! Mtoto kawa mwekundu kama pweza wa kuchemsha. 'Mama, acha. Mama, niache niende.'"

"Hakuniambia," baba akasema.

"Angekuambiaje? Ungelia zaidi, na magoti yako hayo."

Nilitazama pembeni. Nilikuwa nimeliona goti la baba likitaka kukunjika kwa mazoea, na yeye akilirudisha. Alikuwa amekaa mkao wa mgonjwa kwa ajili ya heshima ya mkewe, na aliulinda kwa uangalifu mkubwa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiwa upande mmoja na mama katika jambo lolote lililohusu sumo.

Kisha Nobuaki akaingia.

Alikuja kwa njia ya upande wa mashariki, mkanda mweusi kiunoni, goti limefungwa bandeji nene, akakaa chini ya ulingo kungoja zamu yake. Alikuwa ametugeuzia mgongo, uso tukiuona kidogo tu. Nyumbani alikuja mara moja moja, akiwa na nguo, akiwa amekaa, akila. Baba hakuwa amewahi kuuona mgongo ule. Ulikuwa mpana na wenye makovu madogo ya mchanga, na nywele zilizofungwa fundo ziling'aa kwa mafuta.

"Ndiye," baba akasema, ingawa hakuna aliyeuliza.

Pambano moja likaisha. Jingine likaanza. Umeno aliinua shingo kutazama upande wa magharibi, alipopaswa kukaa mpinzani, mtu aitwaye Tsurugahama. Akakunja uso. "Mbona pale..." alisema, halafu akaacha.

Baba hakumsikia. Alikuwa amepiga magoti, ameusahau ugonjwa wake, mikono yote miwili ameizungushia mdomo. Kifua chake kilijaa. Alikuwa anangoja mwanawe apande, ainame, aweke ngumi chini.

Kwenye kipaza sauti mtu akasema kwa sauti ya kawaida, ile ile ya kutangaza choo kilipo, kwamba Tsurugahama ameumia na hatashiriki kuanzia leo. Isonagi anashinda bila pambano.

Nobuaki akapanda. Akainamia upande mtupu. Akachuchumaa. Mwamuzi akamwelekezea upepeo wake wa kuonyeshea mshindi na kulitaja jina lake, kama yanavyotajwa majina ya washindi wote. Nobuaki akainama tena, akageuka, akashuka. Yote hayo hayakuzidi muda wa mtu kupiga chafya na kujifuta pua.

"Isonagi! Hongera!" Umeno akapiga kelele peke yake, akapiga makofi juu ya kichwa. "Hongera, kijana! Umefanya kazi!"

Makofi mengine machache yalitoka huku na huku. Baba alikuwa bado amepiga magoti, mikono mdomoni, pumzi imemjaa. Alimtazama Nobuaki akipita katikati ya viti na kuingia kwenye giza la mlango. Mgongo ulipokwisha kabisa kuonekana, ndipo alipoishusha mikono na kusema, kwa sauti ile ya mezani anapoomba kupewa mchuzi, "Nobu."

Wapiganaji wengine wakapanda.

"Yuko wapi yule mwingine?" baba aliniuliza.

"Ameumia, baba. Wamesema."

"Nimesikia walichosema. Nauliza yuko wapi."

Umeno akamshika mkono juu ya kiwiko, mkono wa suti, akaubana kidogo. Hakusema kwamba ushindi ni ushindi.

*

Tulimngojea Nobuaki nyuma ya ukumbi, kwenye lango wanalotokea wapiganaji. Walikuwepo mashabiki kadhaa wenye kamera, wakiwasubiri wakubwa waingie. Mlio wa mitalawanda ya mbao ulimtangulia. Akatoka akiwa amevaa vazi la pamba la bluu, harufu ya mafuta ya nywele ikija naye. Alituona, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama mama.

"Baba umeonaje? Nimeshinda, hata jasho halijatoka."

"Nimeona."

"Nne kwa tatu. Namaliza nikiwa na ushindi mwingi kuliko hasara. Hiyo nayo si haba."

"Si haba," baba akasema.

Mwenzake wa kambi, kijana mnene aliyebeba mabunda ya nguo, alipita nyuma yake akicheka. "Kaka Iso! Mbinu ya leo inaitwaje? Tufundishe!"

"Inaitwa kumtazama mtu mpaka abaki kwao!"

"Naitaka hiyo!"

"Wewe ukimtazama mtu ataongeza sahani! Nenda zako!"

Kijana akaenda akitikisika kwa kicheko. Nilimpa Nobuaki machenza. Akauangalia mfuko, akauweka chini kwa uangalifu karibu na ukuta.

"Nilikutafuta kule juu," alimwambia baba. "Nikajua utakaa juu. Halafu nikamsikia Bibi Umeno chini."

"Nilikuwa naye." Baba akafunga na kufungua kifungo cha koti. "Nilitaka kukuita."

"Ungeita tu."

"Nilingoja uiname."

"Hatugeuki tukiitwa, baba. Tumekatazwa." Akatazama mitalawanda yake. "Leo ningegeuka."

Upepo wa bandarini ulipita kati yetu. Nobuaki akauliza kama baba atakuja Tokyo, Februari, kambi itakapomkata lile fundo la nywele kwa karamu ndogo. Kila ndugu atapewa mkasi akate kidogo. Baba akasema atakuja. Alimaanisha. Lakini Februari ilipofika alikuwa amelazwa, nikaenda mimi. Nobuaki aliporudi nyumbani na nywele fupi kama za karani, yeye ndiye aliyekuwa akimwinua baba kitandani na kumbeba kwenda kuoga, na alimbeba kwa mkono mmoja.

Siku ile hatukujua hayo. Siku ile Nobuaki alirudi nyuma kidogo, akavua mitalawanda, akasimama pekupeku kwenye saruji. Akapanua miguu. Akajipiga kifua kwa viganja viwili, mlio ukaruka ukutani, na wenye kamera wakageuka.

"Njoo, baba."

"Wapi?"

"Hapa. Nikuazime kifua."

Ndivyo wanavyofanya kambini. Mkubwa husimama, humwazima mdogo kifua chake, na mdogo humsukuma kwa nguvu zake zote kutoka upande huu wa ulingo hadi upande ule, kila siku, mpaka aishiwe. Hivyo ndivyo Nobuaki alivyokuzwa na watu wengine, asubuhi zile zote tulizokuwa shambani.

"Acha mchezo," baba akasema.

"Si mchezo. Umekuja kuona sumo, sumo haikuwepo. Basi nisukume. Weka kichwa hapa, mikono hapa. Sitaruka pembeni."

"Na goti lako?"

"Goti langu limezoea. Lako la kushoto linaendeleaje? Bibi Umeno ameniuliza habari zake miaka yote."

Wakatazamana. Baba akapiga hatua moja. Niliona mabega yake yakishuka, kama anavyofanya kabla ya kunyanyua fungu la matete mabichi. Niliona mikono yake yote miwili ikiinuka. Mwenye kamera mmoja akasema, "Ah, mzee anataka kujaribu, tazameni," na mwenzake akacheka, cheko la wema tu, lisilo na ubaya.

Mikono ya baba ilifika kifuani pa Nobuaki. Ikashika pindo mbili za lile vazi la pamba, ikazivuta, ikazikaza vizuri moja juu ya nyingine.

"Limekaa vibaya," baba akasema. "Utapata baridi."

Nobuaki alibaki vile vile kitambo, miguu imepanuka, akiwa amejiweka tayari kwa uzito ambao haukuja. Kisha akaikusanya miguu.

"Asante, baba."

Ilimbidi aende. Mpaka Jumapili alikuwa bado mtumishi wa mkubwa wake. Kulikuwa na mito ya kubeba na mikanda ya kuandaa. Akavaa mitalawanda, akachukua machenza, akamwinamia baba, akanigusa mimi kichwani kama vile yeye ndiye mkubwa. Tulimsikia akienda hata baada ya kona kumficha.

Nilimwambia baba turudi ndani tukatazame wale wakubwa. Tiketi zilikuwa za siku nzima, na yeye alikuwa akiwajua wote kwa majina na tabia zao. Akasema ana miche inamngoja.

*

Kwenye treni ya kurudi, behewa lilikuwa na nafasi, tukakaa pamoja. Baba alikuwa amelikunja koti na kulilaza magotini. Tulipita Kurume, tukapita Omuta. Alikuwa macho, lakini hakutazama dirishani wala popote.

"Chizuru," alisema. "Nobu ana uzito gani?"

Nilikuwa na karatasi ya mapambano ya siku ile, ile wanayogawa mlangoni. Uzito haukuwamo, lakini niliukumbuka kutoka kwenye simu zake na mama. "Kilo mia moja thelathini na kitu."

"Siyo hiyo," akasema. "Nauliza ni mzito kiasi gani."

Aliviweka viganja vyake mbele kidogo, juu ya koti, vikiwa vimefunguka kama mbele ya kifua cha mtu. Nilielewa alichokuwa akiuliza, na nilitafuta cha kumpa. Mimi ni dada mkubwa. Mama alipokuwa shambani nilimfunga Nobuaki mgongoni nikaenda naye kila mahali, nikafagia naye, nikafanya hesabu za shule naye akiwa amelala na shavu lake kwenye shingo yangu. Huo ndio uzito wake pekee nilioujua kwa mwili wangu.

"Alipokuwa mgongoni mwangu," nikasema, "alikuwa kama gunia dogo la mchele. Ila alikuwa na joto. Na akilala alizidi kuwa mzito."

Baba akaitikia kwa kichwa. Akanigeukia, akangoja, kana kwamba bado nina la kuongeza.